Udahili wa mapema Marekani: Kutia saini kabla ya kujua bei

KILA inapokaribia Novemba mosi, maelfu ya wanafunzi wanaomaliza sekondari nchini Marekani, pamoja na wenzao walioko nje ya nchi hiyo wanaotaka kusoma huko, hukabiliwa na uamuzi mzito kwa umri wa miaka 17. Hutakiwa kuchagua chuo kimoja tu, kukiandikia ahadi na kutia saini kwamba kikiwakubali watakwenda hapo na si kwingine.

Utaratibu huo, unaojulikana huko kwa jina la Early Decision, ni udahili wa mapema wa kujifunga. Mwombaji hupeleka maombi yake takriban miezi miwili kabla ya wenzake, kwa kawaida Novemba mosi au katikati ya mwezi huo, na hupata jibu katikati ya Desemba. Anayefuata utaratibu wa kawaida hupeleka maombi mwanzoni mwa Januari, hupata majibu mwishoni mwa Machi au siku za mwanzo za Aprili, kisha huwa na muda hadi Mei mosi kuamua aende wapi.

Hata hivyo, jambo zito hapa ni saini kuliko tarehe. Fomu ya makubaliano husainiwa na watu watatu: mwanafunzi mwenyewe, mzazi au mlezi wake, na mwalimu mshauri wa shule anayosoma. Mwanafunzi anaruhusiwa kuomba vyuo vingine kwa njia ya kawaida, lakini chuo cha kujifunga kinakuwa kimoja. Kikimkubali, anatakiwa kuondoa maombi yake yote kwingineko. Kikimkataa, au kikiahirisha uamuzi hadi Machi, yuko huru.

Kwa msomaji wa Tanzania, njia rahisi ya kuuelewa utaratibu huu ni kuulinganisha na wa hapa nyumbani. Tangu 2017, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilipoachana na mfumo wa pamoja wa udahili, waombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, na aliyedahiliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa kutumia namba maalumu. Hapa uthibitisho huja baada ya majibu kutoka. Kule, aliyejifunga huthibitisha kabla hajajibiwa, na kabla hajaambiwa atalipa kiasi gani.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu akubali masharti ya namna hiyo? Jibu liko kwenye takwimu ambazo vyuo vyenyewe huzitangaza.

Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Brown, kilichoko Providence, katika jimbo la Rhode Island. Kwa wanafunzi walioingia mwaka 2024, chuo hicho kilipokea maombi 6,244 ya udahili wa mapema na kuwakubali 898, sawa na asilimia 14.4. Kwa mwaka huo wote, mapema na kawaida kwa pamoja, waombaji walikuwa 48,881 na waliokubaliwa 2,521. Ukitoa wale wa mapema, wanabaki zaidi ya 42,600 waliogombea nafasi 1,623, ambazo ni chini ya asilimia nne. Yaani kwa waliojifunga, alikubaliwa mmoja kati ya saba; kwa waliosubiri, mmoja kati ya 26.

Mzazi anayeziona namba hizo kwa mara ya kwanza atasema hakuna cha kujadili: mtoto atie saini leo hii. Nchini Marekani, washauri binafsi wa udahili, ambao hutoza familia fedha nyingi kwa kazi hiyo, wamekuwa wakizitumia takwimu za aina hii kuwahimiza wateja wao wawahi foleni.

Lakini namba hizo zinasema ukweli nusu. Miongoni mwa wanaoomba mapema wamo wanamichezo ambao makocha wa chuo walishawachagua tangu mwaka uliotangulia, na ambao maombi yao ni kama kukamilisha taratibu. Wamo pia watoto wa waliosoma hapo zamani, ambao katika vyuo vingi binafsi bado hupewa uzito wa pekee. Wamo wanafunzi wa shule za gharama kubwa waliofundwa kuhusu mtihani wa SAT na uandishi wa insha tangu wakiwa kidato cha pili. Kundi hilo lingefanya vizuri hata kama lingeomba Januari. Mtoto wa kawaida asiye na kocha wala baba aliyesoma Brown asijihesabie ile moja kati ya saba kuwa ni yake.

Pamoja na hayo, nafuu ipo. Mwaka 2003, watafiti watatu, Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser, walitoa kitabu kilichochambua maombi yapatayo nusu milioni yaliyopelekwa katika vyuo 14 vyenye ushindani mkali. Waligundua kwamba hata baada ya kulinganisha wanafunzi wenye sifa zinazofanana, kuomba mapema kulimpa mwombaji nafuu inayokaribia kuongezewa alama 100 katika mtihani wa SAT, ambao wakati huo ulikuwa na jumla ya alama 1,600. Alama 100 si haba.

Chuo hakitoi nafuu hiyo kwa huruma. Ofisi ya udahili ina tatizo moja kubwa kila mwaka: haijui wangapi kati ya iliowakubali watafika kweli. Ikiwakubali wachache, vitanda vinabaki wazi na bajeti inatoboka. Ikiwakubali wengi, mabweni yanafurika. Mwanafunzi aliyejifunga anaondoa mashaka hayo kwa asilimia karibu mia moja. Chuo kikijaza nusu ya mwaka wa kwanza mwezi Desemba, kinaweza kuwa na mkono mzito Machi, na kiwango chake cha kukubali waombaji kikashuka, jambo linalokifanya kionekane cha hadhi zaidi. Kwa miaka mingi jarida la U.S. News liliingiza kiwango cha wanafunzi wanaofika kati ya waliokubaliwa katika upangaji wake wa vyuo bora. Kigezo hicho kiliondolewa mwaka 2003, lakini mazoea yalikuwa yameshakomaa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kimekuwa kikijaza takriban nusu ya nafasi zake kwa njia hiyo, na Tulane, cha New Orleans, kimefikia karibu theluthi mbili.

Kuna jambo jingine ambalo ofisi za udahili hazipendi kulitangaza. Mwanafunzi aliyejifunga hana chuo cha pili cha kukitumia kuombea nafuu ya ada. Muuzaji anayejua kwamba mnunuzi amekula kiapo cha kutokwenda duka jingine hana sababu ya kushusha bei.

Hoja hiyo ndiyo iliyozua mjadala mkubwa mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2001, mwandishi James Fallows aliushambulia utaratibu huo katika jarida la The Atlantic, na mwishoni mwa mwaka huo Richard Levin, wakati huo rais wa Chuo Kikuu cha Yale, alisema hadharani kwamba ingekuwa vyema vyuo vikaachana nao. Mwaka 2002, Yale na Stanford zilitangaza kuacha kuwafunga waombaji, zikabaki na utaratibu wa mapema ambao mwanafunzi anajibiwa Desemba lakini ana uhuru wa kuamua hadi Mei.

Septemba 2006 Harvard ilikwenda mbali zaidi. Derek Bok, aliyekuwa rais wa muda, alitangaza kuwa chuo hicho kinafuta udahili wote wa mapema kwa maelezo kwamba unawanufaisha wale ambao tayari wamenufaika. Princeton na Chuo Kikuu cha Virginia zikafuata ndani ya mwezi huo huo. Ilitarajiwa kuwa vyuo vingine vingejipanga nyuma yao.

Havikujipanga. Vilibaki pale pale, vikawa vinawachukua mapema wanafunzi ambao Harvard na Princeton zingewataka. Mwaka 2011 vyuo hivyo viwili vilitangaza kurejesha udahili wa mapema, ingawa bila kumfunga mwombaji: anaruhusiwa kuomba mapema chuo kimoja tu binafsi, lakini akikubaliwa hashurutishwi kwenda. Virginia ilirudi na utaratibu usiofunga, kisha mwaka 2019 ikaurejesha na ule wa kufunga. Ni dhahiri kuwa hakuna chuo kilichoweza kuutokomeza mfumo huu peke yake.

Tukio la karibuni lililoonyesha mwelekeo tofauti ni la Virginia Tech. Julai 2023, wiki chache baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kupiga marufuku kuzingatia rangi ya mwombaji katika udahili, chuo hicho cha umma kilitangaza kufuta udahili wa kujifunga sambamba na kuacha kuwapa uzito watoto wa waliosoma hapo. Lakini mwaka 2025, Chuo Kikuu cha Michigan, nacho cha umma na kikubwa zaidi, kilitangaza kuwa kinauanzisha. Kwa hiyo anayedhani utaratibu huu unaelekea kufa ajiandae kusubiri sana.

Bei inayojulikana mwishoni

Ada, malazi, chakula na gharama nyingine katika vyuo binafsi vya juu zimepita dola 90,000 za Marekani kwa mwaka. Ni familia chache zinazolipa kiasi hicho chote. Chuo hukagua kipato na mali za mzazi, hukadiria familia inaweza kulipa nini, na pengo hulifidia kwa ruzuku, mkopo au kazi ya muda ndani ya chuo. Vyuo viwili vinaweza kuikagua familia ile ile na kufikia majibu yaliyopishana kwa maelfu ya dola, kwa sababu kimoja kinahesabu thamani ya nyumba na kingine hakihesabu, au kimoja kinaweka mkopo ndani ya msaada na kingine kinatoa ruzuku tupu.

Tuseme mwanafunzi amekubaliwa na vyuo viwili mwezi Aprili. Cha kwanza kinaitaka familia ilipe dola 9,000 kwa mwaka, cha pili dola 3,000. Tofauti kwa miaka minne ni dola 24,000, zaidi ya Sh50 milioni. Aliyesubiri anaziona barua zote mbili mezani na anaweza hata kuipeleka ya pili kwa chuo cha kwanza na kuomba wafikirie upya. Aliyejifunga anaiona barua moja.

Huo ndio mzizi wa suala zima. Kwa familia inayoweza kulipa ada yote bila kutikisika, kujifunga hakugharimu chochote zaidi ya uhuru wa kubadili mawazo. Mtoto anapata nafuu ya kukubaliwa, na Krismasi anakula kwa amani. Kwa familia inayohitaji msaada, nafuu ile ile inanunuliwa kwa kusalimisha haki ya kulinganisha. Ni biashara ya mbuzi kwenye gunia, ila kwa maskini gunia ni zito zaidi.

Watetezi wa utaratibu huu hujibu kwamba upo mlango wa kutokea. Ni kweli. Makubaliano yanayotumiwa na vyuo vingi yanasema kuwa mwanafunzi aliyeomba msaada wa fedha, akipewa kiasi ambacho hakimwezeshi kusoma, anaweza kuikataa nafasi na kuachiliwa. Hakuna chuo kinachompeleka mtoto mahakamani kwa kushindwa kulipa.

Lakini mlango huo una bawabu. Kabla ya kuachiliwa, familia kwa kawaida huzungumza na ofisi ya fedha ya chuo, ambayo ndiyo iliyofanya hesabu za kwanza na inaamini hesabu hizo ni sahihi. Kinachoitwa na chuo "uwezo wa familia" na kinachoitwa na mama mwenye nyumba uwezo wa familia ni vitu viwili tofauti. Aidha, mazungumzo hayo hufanyika Desemba, wakati mwanafunzi hana barua ya chuo kingine ya kuonyesha, na siku za maombi ya Januari zinayoyoma. Anayetoka anatoka mikono mitupu, akiwa na wiki mbili au tatu za kuanza upya.

Wapo pia wanaojitoa kwa sababu nyingine, na hapo adhabu humwangukia mtu ambaye hakuwemo. Mwaka 2025 iliripotiwa kuwa Tulane kiliizuia shule moja ya sekondari ya Colorado kutumia udahili wa kujifunga kwa mwaka mzima, baada ya mwanafunzi wa shule hiyo kukubaliwa kisha kuvunja ahadi. Walioadhibiwa ni wadogo zake shuleni. Ndiyo maana saini ya tatu, ile ya mwalimu mshauri, si pambo: anaposaini anaweka rehani jina la shule yake.

Suala hili limefika pia kwenye vyombo vya sheria. Mwaka 2018, Wizara ya Sheria ya Marekani iliviandikia vyuo kadhaa ikivitaka vihifadhi mawasiliano yao kuhusu kubadilishana majina ya waliokubaliwa mapema. Mwaka uliofuata, chama cha kitaifa cha washauri wa udahili, kikiwa kinachunguzwa na wizara hiyo hiyo kwa kubana ushindani, kilifuta kanuni yake iliyokataza vyuo kutoa vivutio maalumu kwa wanaojifunga. Matokeo yake ni kinyume cha mtu angetarajia: uchunguzi uliolenga kumlinda mnunuzi uliwapa wauzaji ruhusa ya kuongeza chambo.

Agosti 2025 ilifunguliwa kesi ya pamoja katika mahakama ya shirikisho huko Massachusetts dhidi ya vyuo 32 vinavyotumia utaratibu huo. Walalamikaji wanadai kuwa vyuo hivyo vimekubaliana kutogombea wanafunzi waliokwisha kujifunga kwingine, na kwamba makubaliano hayo yamepandisha bei kwa wote, hata kwa wasiojifunga. Msingi wa hoja yao ni kwamba ahadi ya mwanafunzi kwa chuo kimoja si mkataba wa kisheria. Inasimama kwa sababu tu vyuo vingine vyote vinaiheshimu na kukataa kumpokea.

Kwa mwombaji wa Afrika Mashariki

Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, hesabu hii ina vipengele ambavyo mwenzake wa Boston hana haja ya kuvifikiria.

Cha kwanza ni namna chuo kinavyolitazama ombi la msaada kutoka kwa mgeni. Vyuo vingi vya Marekani, hata vile vinavyojisifu kutoangalia mfuko wa mwombaji wa Kimarekani, huuangalia mfuko wa mwombaji wa nje. Fungu la fedha kwa wageni huwa dogo, na kijana mwenye alama nzuri anaweza kuachwa kwa sababu tu ameomba msaada mkubwa. Vyuo visivyofanya hivyo, ambavyo pia huahidi kufidia pengo lote la aliyekubaliwa, vinahesabika. Miongoni mwao ni Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, Brown, Notre Dame na Washington and Lee. Dartmouth na Bowdoin viliingia katika kundi hilo mwaka 2022, na Brown kuanzia wanafunzi walioingia mwaka 2025.

Orodha hiyo ina somo ambalo wengi hulipita. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Notre Dame havimfungi mwombaji wa mapema. Anaweza kujibiwa Desemba na bado akasubiri hadi Mei. Vinavyofunga katika orodha hiyo ni Amherst, Dartmouth, Bowdoin, Brown na Washington and Lee. Kwa hivi vitano, kijana wa familia ya kipato cha chini ana sababu ya kufikiria saini, kwa kuwa ahadi ya kufidia pengo ipo na ombi lake la fedha halimpunguzii nafasi. Nje ya kundi hilo, kujifunga kwa mtu anayehitaji msaada ni kucheza kamari. Wapo wanaoona kuwa ni kamari yenye maana, kwa hoja kwamba fungu la wageni huwa bado limejaa mwezi Novemba. Huenda. Lakini atakayepewa nusu ya anachohitaji hatakuwa na pa kukimbilia.

Sheria ya Marekani inavitaka vyuo, tangu Oktoba 2011, viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama ambacho familia inaweza kukitumia kabla ya kuomba. Kwa Mmarekani, hicho ndicho chombo cha kwanza cha kujua kama saini ni salama. Kwa Mtanzania hakisaidii sana, kwani vikokotoo vingi vimetengenezwa kwa ajili ya kodi na mishahara ya Marekani. Mzazi mwenye duka Kariakoo asiye na hati ya mshahara, au mwenye shamba la kahawa Mbinga ambalo kipato chake hupanda na kushuka kila msimu, hawezi kupata jibu la maana humo. Njia iliyobaki ni kuiandikia ofisi ya fedha ya chuo mwezi Septemba au mapema zaidi na kuuliza bila aibu: je, kuomba msaada kunaathiri nafasi ya mgeni, je, pengo lote hufidiwa, na je, ndani ya msaada kuna mkopo? Tiketi ya ndege na bima ya afya nazo ziulizwe, maana vyuo vinatofautiana katika kuzihesabu. Chuo kinachojibu kwa kuzungukazunguka kabla ya saini hakitegemewi kunyooka baada yake.

Kipengele kingine ni kalenda. Mwanafunzi wa Kenya anayefanya KCSE huwa yuko katikati ya mtihani wa taifa siku ambayo fomu za Novemba mosi zinafungwa. Mwenzake wa kidato cha sita Tanzania hufanya mtihani Mei na kupata matokeo Julai, hivyo Novemba inayotangulia hana cha kuonyesha zaidi ya matokeo ya kidato cha nne na makadirio ya walimu. SAT nayo inatakiwa iwe imefanywa ifikapo Oktoba katika vyuo vingi vinavyoidai, na Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vyote vilirejesha sharti la kuleta matokeo ya mitihani ya aina hiyo baada ya kulilegeza wakati wa janga la Uviko-19.

Kwa sababu hiyo, si ajabu kuwaona waombaji wa ukanda huu wakiomba mwaka mmoja baada ya kumaliza shule, wengine wakiwa wametoka JKT, matokeo kamili yakiwa mkononi. Wanaofanya hivyo wana faida moja ambayo haizungumzwi: wamekuwa na mwaka mzima wa kuuliza maswali ya fedha. Anayesikia habari za udahili wa mapema Oktoba, kutoka kwa mshauri wa mtandaoni anayemwambia aharakishe, hana muda huo.

Halafu kuna viza. Tangazo la Rais wa Marekani la Juni 2025 liliiweka Burundi katika nchi ambazo raia wake walizuiwa kwa sehemu kuingia nchini humo. Desemba 16 mwaka huo lilitolewa tangazo jingine lililoiongeza Tanzania katika kundi hilo la zuio la sehemu kuanzia Januari mosi, 2026, likigusa pamoja na mambo mengine viza za wanafunzi kwa wale ambao hadi siku hiyo walikuwa nje ya Marekani na hawana viza halali. Kenya na Rwanda hazikuwamo.

Tarehe hiyo ya Desemba 16 inastahili kutazamwa mara mbili. Ni siku zile zile ambazo majibu ya udahili wa kujifunga hutoka. Mtanzania aliyekubaliwa wiki hiyo alitakiwa na ahadi yake aondoe maombi ya vyuo vingine, yakiwamo aliyopeleka Kanada au Uingereza kama yalikuwepo, huku mlango wa nchi aliyojifunga nayo ukiwa umewekewa kufuli. Fomu aliyosaini ilizungumzia uwezo wa fedha tu. Haikuwa na kifungu cha viza.

Hilo ni jambo ambalo mwombaji anayefikiria kujifunga anapaswa kulipata kwa maandishi kutoka chuoni kabla ya Novemba: kama viza itakosekana, je, nafasi yake na msaada wake vitahifadhiwa hadi mwaka unaofuata, au vitapotea? Na je, ataruhusiwa kubaki na ombi lake katika nchi nyingine hadi viza itoke? Ofisi za udahili zina mamlaka ya kutoa ruhusa kama hiyo.

Kwa aliyekosa Desemba, vyuo kadhaa vina awamu ya pili ya kujifunga inayofungwa mwanzoni mwa Januari na kujibiwa Februari. Masharti ni yale yale na saini ni zile zile tatu, isipokuwa kwamba safari hii muda wa kuuliza maswali ni wiki mbili tu, na katika wiki hizo ofisi nyingi za vyuo huwa zimefungwa kwa sikukuu.